Utomvu Juu ya Kalamu

Fundi samani wa Keko, Dar es Salaam, akishapaka vanishi kabati, hulitoa nje lipigwe na upepo, na wingu likianza kukusanyika anakunja uso. Mtu anayepaka urushi kwenye kalamu ya wino hutaka kinyume chake. Huchukua sanduku la mbao, hulowesha kitambaa na kukitandaza ndani, husimamisha kalamu juu ya kijiti, hufunga mlango, kisha hutazama kipimo cha unyevu kama kimefika asilimia 70. Kikiwa chini ya hapo hafurahi. Hewa kavu huiacha urushi mbichi kwa siku nyingi, ikinata kidoleni. Hewa yenye majimaji huigandisha kwa usiku mmoja au miwili. Ajabu hiyo ndiyo iliyonivuta kwenye ufundi huu wa Wajapani, na mpaka leo sijaizoea.

Urushi ni utomvu wa mti wa Asia ya Mashariki, na mti huo ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Ndani ya utomvu mna mafuta yaitwayo urushioli, mna maji, na mna kimeng'enya ambacho mkemia Mjapani Hikorokuro Yoshida alikitambua mwaka 1883. Kimeng'enya hicho hufanya kazi palipo na unyevu na joto la wastani, nyuzi 20 hadi 25 hivi: huchukua oksijeni ya hewani na kuyaunganisha mafuta mpaka yawe ngozi moja ngumu. Ikishakomaa, urushi haijali spiriti, haijali siki, haijali chai ya moto iliyomwagika mezani. Adui wake mkubwa ni jua, ambalo huifubaza taratibu. Kaskazini mwa Japani vimefukuliwa vitu vilivyopakwa utomvu huu vyenye umri wa miaka ipatayo 9,000, kwa hiyo anayekaa nyumbani kwake na kalamu na brashi anashika kazi iliyotangulia hata ufuaji wa chuma.

Utomvu wenyewe hupatikana kwa shida. Sehemu kubwa ya ule unaovunwa Japani hutoka Joboji, katika mkoa wa Iwate. Mti huachwa ukue miaka 10 hadi 15. Kuanzia Juni mpaka vuli, mvunaji huupitia kila baada ya siku chache na kuuchanja mkato mmoja mwembamba, akikinga matone yanayotoka. Mwisho wa msimu mti umetoa gramu 200 hivi, basi. Kisha hukatwa, na machipukizi ya kisiki ndiyo yanayosubiriwa miaka mingine kumi na zaidi. Ukilijua hilo, hata tone lililobaki ukingoni mwa kioo cha kusagia rangi unalikwangua na kulirudisha kwenye karatasi ya kuchujia.

Kalamu iliingia katika habari hii kwa sababu ya biashara. Mwaka 1918 Ryosuke Namiki na Masao Wada walianzisha kampuni ambayo baadaye dunia iliijua kwa jina la Pilot. Kalamu za wakati huo zilikerezwa kwa ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu. Ebonaiti ni nyepesi, ina joto mkononi, na fundi mkereza huipenda. Ila weusi wake hupauka juani ukawa kahawia ya matope. Katika miaka ya 1920 kampuni ikaanza kuivika urushi ili isipauke. Dawa ikawa pambo. Wakaajiriwa mafundi wa kuchora kwa unga wa dhahabu juu ya utomvu mbichi, akiwamo Gonroku Matsuda, ambaye mwaka 1955 serikali ya Japani ilimtambua kuwa hazina hai ya taifa kwa ufundi huo. Mwaka 1930 kampuni ilifunga mkataba na Dunhill wa London, na kalamu zenye samaki, majoka na milima ya dhahabu zikaanza kuuzwa Ulaya kwa majina ya kampuni zote mbili.

Nazistahi kalamu hizo, lakini sizitamani. Kalamu iliyopambwa namna hiyo huishia ndani ya kioo, mwenyewe akiogopa kuijaza wino. Ninayoisifu hapa ni ile ya rangi moja, iliyopakwa mezani nyumbani na mtu mwenye kazi nyingine ya kumlisha.

Kazi yenyewe inaanza kwa kuharibu. Unachukua kalamu ya ebonaiti isiyo na klipu na kuondoa mng'aro wake kwa msasa laini na maji. Harufu ya salfa inapanda puani, maji yanakuwa ya kahawia, na uso wa kalamu unapoteza kiburi chake. Unaiosha kwa sabuni ya vyombo, na tangu hapo hupashiki tena mahali patakapopakwa, maana mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuifanya rangi ijitenge na kuacha kidoa kitupu. Tabaka la kwanza ni urushi ghafi: unaisugua kwa kitambaa, unaifuta karibu yote, unaiingiza kalamu sandukuni. Hakuna cha kumwonyesha mtu bado.

Rangi huja baadaye. Poda unaimwaga juu ya kioo, unaidondoshea urushi, unasaga kwa kibao bapa. Ukidhani imelainika, unasaga tena. Mchanganyiko unaufunga ndani ya karatasi nyembamba ya kuchujia na kuzipinda ncha mbili kama unavyokamua tui, mpaka rangi ichuruzike safi bila chembe. Brashi ya mafundi wa urushi hutengenezwa kwa nywele za binadamu, kwa kuwa rangi ni nzito na brashi laini mno haiwezi kuisukuma. Unapaka kwa kuzunguka, kisha kwa urefu, kisha kwa kuzunguka tena, ukiipunguza kila mara. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: jicho linataka rangi ijae mara moja, mkono unaongeza. Tabaka likiwa nene, juu hutangulia kuganda, chini kukiwa bado majimaji, na kesho yake unakuta uso umekunjamana vibaya. Dawa yake ni kungoja chini kukauke, pengine wiki kadhaa, ndipo uupige msasa mpaka mikunjo iishe. Hata likiwa jembamba, saa za kwanza kalamu inataka kugeuzwageuzwa, la sivyo rangi inashuka na kujikusanya ukingoni.

Tabaka likishaganda, unalipiga msasa wenye maji. Sehemu kubwa ya ulichopaka jana inaishia kwenye sinia. Halafu unapaka tena, unafungia tena, unakwangua tena, na hapo ndipo mgeni huuliza kwa nini usinunue tu kopo la kupuliza. Swali ni halali. Rangi ya kopo hukauka kwa dakika chache na ina kila rangi ya upinde wa mvua. Ila hukaa juu ya kalamu na kubanduka kwa ganda, wakati urushi huliwa polepole na kidole cha mwandishi. Kuna mtindo ambapo fundi hutanguliza nyekundu, kisha huifunika kwa urushi ya kahawia inayopenya mwanga. Ikiwa mpya, kalamu huonekana karibu nyeusi. Kwenye kingo tu, pale tabaka la juu lilipo jembamba, ndipo wekundu hujitokeza. Mtindo mwingine, wenye jina la hekalu la Negoro, huweka nyekundu juu ya nyeusi na kuuachia mkono wa mtumiaji miaka ya kuufichua weusi wa chini. Kuchakaa kumehesabiwa tangu mwanzo. Sijui rangi ya kopo inayoweza kutoa ahadi hiyo.

Uchache wa rangi nao naupenda. Utomvu una ukahawia wake wa asili, na kila poda hulazimika kupatana nao. Nyekundu ya zebaki na salfa hutoka vizuri, nyeusi ya chuma hutoka vizuri kupita zote, manjano na kijani hukubali. Nyeupe haipo: tia poda nyeupe kadiri upendavyo, utapata rangi ya chai ya maziwa. Halafu rangi haisemi ukweli siku ya kwanza. Nyekundu itokayo sandukuni ni ya giza, kama iliyoungua, na huendelea kufunguka kwa miezi kadhaa kadiri utomvu unavyozidi kupenya mwanga. Ukiisahihisha mapema kwa kuongeza poda, utajuta mwakani.

Msemo wa haraka haraka haina baraka hautoshi kuueleza ufundi huu, kwa sababu urushi humwadhibu mvivu pia. Aliyeacha tabaka likakomaa wiki nyingi bila kulikwangua hupata rangi mpya isiyoshika vizuri juu ya ile ya zamani. Kuna wakati wa kungoja na kuna wakati wa kuwahi, na kalamu ndiyo inayosema ni upi. Mkazi wa mwambao wetu angepata shida nyingine kabisa: katika masika ya Tanga au Unguja, hewa yenyewe ni sanduku lenye kitambaa kibichi, na kwa joto lile urushi ingeganda upesi mno, ikawa nyeusi na kukunjamana. Huku kwetu ingebidi kutafuta chumba kikavu.

Na urushi inawasha. Kila aliyewahi kuchuma maembe na utomvu ukamrukia mdomoni anaijua familia hii. Urushi mbichi ni kali kuliko embe: huleta vipele, uvimbe, na usiku wa kujikuna, pengine siku mbili tatu baada ya kuigusa. Glavu na mikono mirefu si mapambo. Ikikugusa, futa kwanza kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Maji peke yake huisambaza. Ikishakauka sawasawa haimdhuru mtu.

Wabanguaji wa korosho wa Mtwara wanaijua familia hii vizuri kuliko sisi wengine, maana mafuta ya ganda la korosho huunguza vidole vyao kwa sumu iliyo jamaa ya urushioli. Wajapani waliuona udugu huo zamani. Kwa mafuta ya maganda hayo walitengeneza rangi ya kushika nafasi ya urushi, nafuu, isiyohitaji sanduku la unyevu, na huipaka kwenye mabakuli, fimbo za kuvulia samaki na madhabahu za nyumbani. Wapo wanaoipaka kwenye kalamu. Haina kina cha urushi halisi, nami siifichi kasoro hiyo, lakini ni rangi nzuri, ngumu, yenye mng'aro wa kweli. Sisi korosho zetu nyingi tunaziuza ghafi, India na Vietnam, na ganda linasafiri pamoja na punje. Fundi mkereza wa Mtwara au Lindi aliye na mpingo karakanani na maganda jirani ana sababu zote za kujaribu kutengeneza kalamu yake na kuivika mafuta ya kwao, na mkemia wa chuo chochote cha karibu ana sababu zote za kumsaidia kuyapika bila kumuunguza mtu.

Kwa wewe utakayeanza: nunua urushi kidogo, gramu chache za nyekundu zinatosha kalamu moja na zaidi. Jaribu kwanza kwenye kijiti cha mbao, si kwenye kalamu. Weka watoto mbali na meza. Na kabla ya tabaka la kwanza, zifunike kwa utepe wa karatasi nyuzi za kukazia kifuniko, kwani matabaka machache tu ya urushi juu yake yanatosha kukizuia kisifunge.