Sebule kama Ukumbi: Kuhusu Uteuzi wa Filamu za Kidrama za Kutazamwa Nyumbani

Swali la filamu ipi inafaa kutazamwa na mzee, kijana na mtoto walioketi pamoja halijapewa uzito katika uhakiki wetu. Kwa sehemu kubwa limeachiwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya, ambayo huipa filamu ya watu wote alama ya GE, ile inayohitaji uangalizi wa mzazi alama ya PG, kisha hufuata 16 na 18. Hatukusudii kuzibeza alama hizo, mzazi anazihitaji. Hata hivyo, zinaeleza tu kile ambacho filamu haina: haina matusi, haina damu, haina utupu. Ni kama mtu aulizwe kuhusu chakula naye ajibu kuwa hakina sumu. Makala haya yananuia kupendekeza kigezo cha kile ambacho filamu inacho, na kukijaribu kwa kazi chache tunazoziona kuwa zinastahili kuingia nyumbani.

Hoja yetu inaanzia kwa hadhira. Ukumbini, anayesema hunyamazishwa. Sebuleni, anayenyamaza ndiye huulizwa ana nini. Mtazamaji wa nyumbani yu karibu zaidi na hadhira ya ngano kuliko na hadhira ya sinema: huuliza, hupinga, hukisia, humwonya mhusika kana kwamba anasikika. Zaidi ya hayo, filamu nyingi nzuri huja kwa lugha ya kigeni, na maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha huwa ya Kiingereza. Bibi asiyeyasoma hutegemea mjukuu. Hapo mjukuu anageuka fanani, naye hafasiri tu bali hufupisha, hutia chumvi, na pengine huficha. Wasimulizi wa filamu kama DJ Afro hapa Kenya na marehemu Lufufu kule Tanzania waliifanya kazi hii kuwa sanaa inayojitegemea, na ni ajabu kwamba wanafunzi wetu wa fasihi simulizi hawajawafuata kwa wingi. Ikiwa hali ya utazamaji ni hii, basi filamu inayofaa aila ni ile inayogawa maarifa kwa namna isiyo sawa: mtoto wa hadithini ajue asilolijua mzazi wake, na mtazamaji ajue wasilolijua wote wawili, hata wanaoketi pamoja wawe na la kuambizana. Filamu inayomwambia kila mtu jambo lile lile kwa wakati ule ule haiachi kazi yoyote kwa sebule.

Mfano bora tunaoujua ni Bacheha-ye Aseman, yaani Watoto wa Mbinguni, filamu ya Kiirani iliyoongozwa na Majid Majidi mwaka 1997. Ploti yake ni nyepesi kiasi cha kutia shaka. Ali, mvulana wa shule ya msingi jijini Tehran, anapoteza viatu vya dada yake Zahra akitoka kuvichukua kwa fundi. Baba hana pesa, kodi ya nyumba imelimbikizana, mama ni mgonjwa. Watoto wanakubaliana kuficha msiba huo na kutumia jozi moja ya raba za Ali kwa zamu: Zahra asubuhi, kisha anakimbia vichochoroni kumkabidhi kakake anayesoma zamu ya alasiri. Hakuna mhalifu katika hadithi hii. Hata aliyevichukua viatu alivichukua kwa makosa.

Tazama jinsi siri hiyo inavyowekwa chumbani. Familia nzima huishi katika chumba kimoja. Baba ameketi, mama amelala. Ali na Zahra hawawezi kusemezana, basi wanaandikiana katika daftari za shule wakijifanya wanafanya kazi za nyumbani. Mtazamaji anasoma yale asiyoyasoma baba aliye hatua mbili tu kutoka kwao. Katika mandhari hayo hayo baba anavunjavunja sukari ya msikiti aliyokabidhiwa. Zahra anamletea chai, naye anaomba sukari. Binti anashangaa, kwa kuwa sukari imejaa mbele yake. Baba anamkumbusha kuwa ile ni ya msikiti. Mwongozaji hakazii jambo hili kwa muziki wala kwa hotuba. Mtazamaji wa Lamu au wa Eastleigh hahitaji kuelezwa maana ya amana, na asiyeijua ataieleweshwa na jirani yake kwenye mkeka. Kinaya ni kwamba mtu huyu mwaminifu analelewa watoto wake ndani ya uongo, na uongo wenyewe umezaliwa na huruma kwake.

Sehemu iliyotugusa zaidi haina neno. Zahra anaviona viatu vyake miguuni mwa msichana mwingine shuleni. Anamfuata hadi kwao, kisha anarudi na Ali kuvidai. Wakiwa wamejibanza wanamwona baba wa msichana yule akitolewa nje: ni kipofu, mchuuzi. Wanatazamana, wanageuka, wanakwenda zao. Katika kazi dhaifu, mmoja wao angetamka uamuzi ule. Hapa uamuzi umo katika migongo ya watoto wanaoondoka, na mtoto mtazamaji hana budi kuuliza kwa nini hawakuvidai. Aulizwe nani, kama si aliye kando yake?

Kuhusu kilele, tunajua kwamba Ali anaingia mashindano ya mbio ambayo zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba. Anataka nafasi ya tatu, wala si nyingine. Anashinda nafasi ya kwanza, na huku akibebwa juu kwa shangwe, analia. Kisha yanakuja maarifa ambayo filamu inamkabidhi mtazamaji peke yake: tunaiona baiskeli ya baba, na juu yake viatu vipya. Ali hajui. Anatumbukiza miguu yenye malengelenge katika kidimbwi cha uani, samaki wanaizunguka, na filamu inaishia hapo. Wapo watakaoulalamikia mwisho huu kuwa umekatwa. Sisi tunaona kuwa ni humo ndimo ilimo hekima ya mtunzi, kwani furaha ya watoto hao imeachwa iwafikie baadaye, nje ya picha, na anayeijua mapema ni aliyeketi nyumbani.

Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina inatuleta kwetu, na inakijaribu kigezo chetu kwa njia ngumu zaidi. Jo, msichana wa miaka tisa anayependa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, anatolewa hospitalini na kurudishwa kijijini kwa kuwa matibabu hayatamponya. Mama yake, ambaye kwa kazi ni mkunga, anataka apumzike ndani. Dada yake Mwix anataka aishi siku zilizosalia, hivyo anamshawishi kuwa anazo nguvu kama za mashujaa wake, na hatimaye kijiji kizima kinaingia katika hila hiyo na kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Mgogoro wa kweli uko baina ya mama na Mwix, na una uzito kwa sababu wote wawili wana haki. Mkunga anayewapokea watoto wa wenzake na asiyeweza kumshika wake ni usawiri wa kutosha kuibeba filamu nzima. Swali la iwapo tumwambie mtoto habari za kifo si geni katika nyumba zetu, ambamo aghalabu mtoto huambiwa kuwa babu amesafiri. Kinachoiokoa filamu na unyonge wa machozi ni kwamba Jo si mjinga. Stycie Waweru anamwigiza kwa macho ya mtu anayejua zaidi ya anavyodhaniwa, na mtazamaji mdogo huligundua hilo kabla ya mkubwa.

Tuna shaka mbili. Ya kwanza ni muziki, ambao mara kadhaa hutangulia kulia kabla yetu. Ya pili ni wema wa kijiji: takriban kila mtu ana moyo wa dhahabu, na anayewajua wanakijiji wa popote atauliza walikwenda wapi wale wengine. Licha ya hayo, hii ndiyo filamu ya Kenya ambayo tungeiweka mbele ya watoto kwanza. Ni fupi na lugha zake ni zetu, hivyo bibi hatahitaji mkalimani.

Anayewatafuta wanakijiji wale wengine atawapata Burkina Faso, katika Yaaba (1989) ya Idrissa Ouedraogo. Kijiji kimemtenga bikizee Sana kwa madai ya uchawi. Mvulana mmoja anamsogelea na kumwita yaaba, neno la Kimore lenye maana ya bibi. Binamu yake Nopoko anapougua pepopunda, ni yule yule mchawi anayekwenda kumtafutia mganga. Katika nchi ambayo wazee wa Kilifi na Kisii wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, filamu hii haihitaji utetezi mrefu. Tunaongeza tu kwamba inaonyesha uzinzi na ulevi bila kuvitolea hukumu, na mzazi anayeogopa maswali aijue hali hiyo mapema.

Kwa aila ambazo watoto wamekwisha kuwa watu wazima, tunapendekeza Tokyo Monogatari (1953) ya Yasujiro Ozu, ingawa inakaribia saa mbili na robo na haina haraka. Wazazi wazee wanasafiri kutoka mji wa Onomichi kuwazuru watoto wao jijini Tokyo. Watoto wana shughuli, na anayewapa muda ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani. Kamera ya Ozu huwekwa chini, kwenye kimo cha mtu aliyeketi mkekani, kana kwamba mtazamaji naye amekaribishwa chai. Baada ya mazishi ya mama, kitindamimba Kyoko anakasirika kwa jinsi ndugu zake walivyoharakisha kuomba nguo za marehemu na kuondoka. Noriko anawatetea. Kyoko anamuuliza kama maisha hayavunji moyo, naye anakubali huku akitabasamu. Mwenye watoto walio mjini ataitazama sehemu hiyo kwa jicho moja, na mwenye wazazi walio mashambani kwa jicho jingine. Iwekwe katika likizo ya Desemba, wakati wote wawili huwa chini ya paa moja.