Kulwa, Doto na Shija kwenye seva moja

Ukiita "Doto!" barabarani Kasoli, hatageuka mtu mmoja. Kwa Wasukuma, pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na anayewafuata ni Shija, kwa hiyo majina hayo yamejaa Bariadi nzima. NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, haitegemei jina: humtambua mtu kwa namba ya tarakimu 20.

Kompyuta nayo haijali majina. Linux, kama Unix yoyote, humjua mtumiaji kwa namba tupu. Windows humjua kwa msimbo mrefu unaoanza na S-1-5-21, kisha namba za kikoa kizima (kundi la kompyuta na watumiaji wanaosimamiwa pamoja), na mkiani namba ya mtu mwenyewe, tuseme 1104. Mafundi wengi wanaounganisha pande hizi huhangaikia nywila. Kwangu mimi, nywila ndiyo sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye namba.

Nywila zilipata dawa mapema. Desemba 1991, Andrew Tridgell, mwanafunzi mjini Canberra, alitaka kompyuta ya DOS ifikie mafaili ya mashine ya Unix. Hakuwa na maelezo ya lugha iliyotumika, basi akazinasa data zinazopita kwenye waya, akazisoma, akaandika programu ya kuzijibu. Hiyo ndiyo ikaja kuwa Samba. Windows 2000 ilipokuja na Active Directory, orodha kuu ya watumiaji wa kikoa, uthibitishaji ulikabidhiwa Kerberos, iliyozaliwa chuo cha MIT kwenye mashine za Unix. Mtumiaji anajitambulisha mara moja, anapewa tiketi, na tiketi ndiyo inayozunguka mtandaoni. Tangu Samba 4.0, Desemba 2012, hata ofisi isiyo na fedha ya leseni ya seva ya Windows inaweza kuendesha kikoa chake yenyewe.

Tiketi, hata hivyo, hutazama saa. Kwa kawaida mashine zikipishana zaidi ya dakika 5, inakataliwa. Umeme ukikatika, kompyuta kuukuu ya Linux yenye betri ya saa iliyokufa huwaka ikiwa miaka ya nyuma. Karani anaandika nywila sahihi, anagomewa, anabadilishiwa nywila mara tatu bure. Fundi, anza na saa.

Sasa namba. Ndani ya Samba kuna winbind, mkalimani kati ya msimbo wa Windows na namba ya Unix. Ukimwachia agawe atakavyo, hugawa kwa aliyetangulia. Kwenye seva ya kwanza Doto anapata 10003. Kwenye ya pili Shija kawahi asubuhi, 10003 ni yake. Siku mafaili yanapohamishwa na namba zake, au yanaposomwa mtandaoni kwa NFS, njia ya Unix ya kushirikiana mafaili, ambayo kwa kawaida hubeba namba tu, orodha ya malipo ya Doto inakuwa mali ya Shija. Hakuna aliyevunja mlango, hakuna onyo lililotokea kwenye skrini. Hilo ndilo linalonitisha.

Dawa yake ni hesabu ya darasa la pili. Njia iitwayo rid huchukua namba ya mkiani na kuijumlisha na mwanzo mliokubaliana: 100000 na 1104, Doto ni 101104. Kila seva inapiga hesabu yake na kufika kwenye jibu lilelile, bila kuuliza jirani. Sharti ni mwanzo uwe mmoja kila mahali. Seva moja ikianzia 200000, mmerudi palepale.

Njia nyingine ni kuandika namba ya Unix ndani ya orodha kuu ya watumiaji, kwa utaratibu uliotolewa mwaka 1998 katika RFC 2307. Inafaa taasisi yenye mafaili ya zamani na namba zilizokwishatumika, lakini inadai mtu wa kuijaza kila anapoajiriwa mgeni. Ofisi ya kata au shule, ningeipa rid bila kusita.

Na iamuliwe kabla faili la kwanza halijahifadhiwa. Ukibadilisha baadaye, mafaili hayakufuati: palipokuwa na jina la Doto utaona 10003 tupu, na itabidi upite seva nzima ukimrudishia folda baada ya folda.