Kanga Isiyo na Jina

Kanga huwa na jina lake. Maua na pindo huvuta jicho, lakini neno limeandikwa pale chini, na aliyekusudiwa hulisoma akajijua. Mchoraji wa jalada la dhihaka hana nafasi hiyo. Ana picha tu, nayo haina budi kusema yote.

Ndiyo kazi ya Barry Blitt, mzaliwa wa Montreal, Kanada, ambaye tangu miaka ya 1990 huchora majalada ya The New Yorker, jarida la Marekani. Jalada lake halibebi vichwa vya habari. Hata jina la mchoro huchapishwa kurasa za ndani.

Zana zake ni wino na rangi za maji. Mistari yake hutetemeka kidogo. Rangi ni laini kama za kitabu cha watoto. Mwaka 2005, baada ya kimbunga Katrina kuizamisha New Orleans, alimchora Rais George W. Bush na wasaidizi wake wameketi katika ofisi ya Ikulu iliyofurika maji. Hapana neno, hapana tusi, na serikali nzima imeulizwa ilikuwa wapi. Naupenda mkono huo: mwepesi, lakini mzigo ulioubeba ni mzito.

Julai 2008 alimchora Barack Obama, mgombea urais ambaye baba yake alitoka Kenya, amevaa kanzu na kilemba, akigongana ngumi na mkewe Michelle mwenye bunduki begani, bendera ya Marekani ikiungua motoni. Alikuwa akiwakejeli waliozusha uvumi kwamba Obama ni Mwislamu wa siri na adui wa nchi yake. Wengi wakauona uvumi wenyewe. Kambi ya Obama ililalamika, na mpinzani wake John McCain pia. Sisi wa pwani tulikuwa na uchungu wetu: vazi letu la Ijumaa ndilo lililotumika kutisha.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lakini fumbo la jalada hafumbiwi mtu mmoja. Huanikwa hadharani, kila apitaye alisome kwa macho yake. Blitt alijua hilo, na hakuiacha kalamu. Mwaka 2020 alitunukiwa Tuzo ya Pulitzer ya katuni, kwa mistari ileile inayotetemeka.

Mwenye kanga akishajifunga, hasimami mlangoni kueleza. Hutoka, akatembea. Jalada nalo hutoka hivyo, na hata jina usoni halina.