Foto ya zamani na vazi la leo

Vijana wetu wanaoshona na kuchora wanapenda kutafuta mawazo katika foto za zamani. Ni vizuri. Lakini tunaona wengine wanachukua foto yoyote, juu tu ni nyeusi na nyeupe. Kwetu sisi swali la kwanza ni hili: ule mutu wa ndani ya foto, vazi lake alilichagua yeye mwenyewe?

Tuangalie Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufa Kinshasa mwaka 1997. Kamera yake ya kwanza, Adox ndogo, alinunua mwaka 1950 kwa kupiga foto za ndoa yake. Kiisha akawa mutu wa usiku wa Léopoldville, ni kusema Kinshasa ya leo: baa, wanamuziki (Franco kati yao), na wale vijana walioitwa Bills, waliovaa sawa vile wachunga ng'ombe wa sinema za Marekani. Sinema walinakili, ndiyo. Lakini wanasimama mbele ya kamera sawa vile wenye muji! Ule usimamo ndio unafanya vazi, na fundi mwenye macho atauchukua mbele ya kuchukua kofia. Hatusifu yote: katika foto za wanawake, mara ingine tunasikia mukono wa mupiga foto kupita mapenzi ya mwenye nguo.

Kwetu Katanga iko kazi ingine. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alitoa mwaka 2006 mufululizo wa picha unaoitwa Mémoire. Anakata watu katika foto za ukoloni, anawasimamisha mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyobomoka, vyenye rangi zao za kutu. Mukato ni safi sana, na mavumbuzi ni ya kweli. Lakini ndani yake iko wafanyakazi waliopangwa mustari, na watu wenye munyororo shingoni. Hao hawakujipamba kwa ajili ya foto. Baloji anajua, ndiyo maana anawaacha wasimame wazima, bila kuwapendezesha.

Mwanafunzi mumoja alituletea muchoro wa kikwembe: ule mustari wa watu wa munyororo, umerudiliwa pande zote sawa vile maua. Kwa mukono, kazi ilikuwa nzuri. Tulimuuliza nani atakivaa kwenye ndoa. Alikaa kimya, kiisha akarudi na muchoro mupya: kutu na matofali tu.