Chama Kimoja na Viti vya Seneti vya Texas

Tangu mwaka 1913, katiba ya Marekani iliporekebishwa ili maseneta wachaguliwe na wananchi wenyewe badala ya mabunge ya majimbo yao, hadi mwaka 1961, hapana hata mtu mmoja asiyekuwa wa chama cha Democratic aliyepata kuchaguliwa seneta katika jimbo la Texas. Aghalabu hudhaniwa kuwa siri ya jambo hili ilikuwa mapenzi ya watu, au hila za kuhesabu kura usiku. Nami sikatai kwamba vyote viwili vilikuwako, walakini kazi yenyewe ilitendeka mapema zaidi na mchana kweupe, katika uchaguzi wa mchujo wa Julai, ambamo chama kilijichagulia mgombea na, lililo zito zaidi, kilijichagulia wapiga kura.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kodi ya kura, iliyotiwa katika katiba ya jimbo mwaka 1902: dola moja na nusu, na wilaya ikipenda huongeza senti 25. Ililazimu ilipwe kabla ya Januari kwisha, miezi sita kabla ya mchujo, hata fukara, awe mweupe au mweusi, alikuwa amekwisha kutolewa uwanjani kabla kampeni hazijapamba moto.

Kizuizi cha pili hakikuwa na bei. Sheria ya mwaka 1923 ilimharamishia mtu mweusi mchujo wa Democratic. Daktari Lawrence Nixon wa El Paso alikwenda kituoni mwaka 1924, stakabadhi ya kodi mkononi, akarudishwa. Akashtaki, na mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki. Hapo ndipo ustadi wa dhulma ulipodhihirika, kwani bunge la jimbo liliifuta sheria ile na kuiachia kamati ya chama iamue. Mahakama ilipoikataza kamati mwaka 1932, mkutano mkuu wa chama ukapitisha azimio lile lile kwa jina lake wenyewe, na mwaka 1935 majaji wakaridhia, wakisema kwamba chama ni jamii ya watu binafsi na kina hiari ya kumkaribisha kimtakaye. Jambo moja likavishwa kanzu tatu, na ya tatu ikakubaliwa! Ilibidi mpaka Aprili 1944, katika shauri la Lonnie Smith, daktari wa meno wa Houston, ndipo hoja hiyo ikavunjwa. Na miongoni mwa mawakili wake alikuwamo Thurgood Marshall, yule yule aliyekuja kuwashauri wajumbe wa Kenya mjini London mwaka 1960.

Kwamba mchujo ndio uliokuwa uchaguzi wa kweli, ithibati yake ni mwaka 1948. Lyndon Johnson na Coke Stevenson, gavana wa zamani, wakiwania kiti cha Seneti, walirudiana katika duru ya pili ya mchujo mwezi wa Agosti, na Johnson akatangazwa mshindi kwa kura 87 kati ya 988,295. Siku sita baada ya kura kupigwa, kituo namba 13 cha mji wa Alice kilikuwa kimetoa nyongeza ya kura 202, ambazo 200 zilikuwa za Johnson. Na walioliona daftari walishuhudia kuwa majina yale ya mwisho yaliandikwa kwa wino mmoja na kufuatana kwa alfabeti. Kesi zikaenda hadi Washington. Novemba, dhidi ya mgombea wa Republican, Johnson alishinda bila taabu.

Mwaka 1961, Johnson alipokwenda kuwa makamu wa rais, John Tower wa Republican alikitwaa kiti kile katika uchaguzi maalumu, ambao haukuwa na mchujo wa chama. Kodi ya kura ilikomeshwa katika chaguzi za taifa mwaka 1964. Leo mizani imegeuka: tangu Lloyd Bentsen mwaka 1988 hadi uchaguzi wa 2024, Democratic haijashinda Seneti Texas, lakini zama hizi mpiga kura yeyote aliyeandikishwa huingia katika mchujo autakao, na sehemu kubwa ya wazungu wahafidhina walihamia Republican kwa miguu yao.