Mamba Wawili na Swali la Ujumbe

Sisi tunaosoma fasihi hapa chuoni tuna swali moja tunalotembea nalo kama kitambulisho: ujumbe ni nini? Ukipewa riwaya, unasaka ujumbe. Ukipewa shairi, unagawa ukurasa, fani huku, maudhui kule, kisha unajaza. Nimejaza kurasa nyingi za namna hiyo, na alama nimepata. Lakini likizo iliyopita mtambo huo ulinigomea mbele ya mdogo wangu wa miaka sita.

Alikuwa uani na wenzake, wamekaa wamenyoosha miguu, mmoja akiigusa mguu mmoja mmoja kwa kufuata mapigo ya wimbo. Nusu ya maneno ya wimbo ule hayamo katika kamusi yoyote. Nikamwuliza, "Maana yake nini?" Akanitazama kwa huruma. "Kaka, hauna maana. Ni wa kuhesabia." Wakaendelea, mimi nikabaki na daftari langu.

Katika makala haya nataka kuyatetea mashairi ya upuuzi, yaani yale yanayotungwa kwa makusudi yasilete maana ya kawaida. Hoja yangu ni hii: upuuzi ni mchezo wa mtu aliyekwisha kuujua utaratibu. Asiyeujua hawezi kuucheka ukivunjwa.

Tuanze Uingereza, ambako utanzu huu ulikomaa katika karne ya 19. Edward Lear, mchoraji wa ndege, alitoa kitabu chake cha kwanza cha upuuzi mwaka 1846. Lewis Carroll, ambaye jina lake halisi ni Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati huko Oxford, alimtoa Alice mwaka 1865. Ndani ya kitabu hicho Alice anajaribu kukariri shairi ambalo watoto wa wakati ule walilijua vizuri. Ni shairi la Isaac Watts, kutoka mkusanyiko wake wa mwaka 1715, linalomsifu nyuki kwa bidii yake ili mtoto asikae bure. Maneno yanamponyoka Alice, na badala ya nyuki anatokea mamba, anayewakaribisha samaki wadogo kwa tabasamu.

Hebu tulipime jambo hili. Shairi la Watts lina kila tunachokidai: dhamira, ujumbe, hata mfano wa kuigwa. Shairi la mamba halifundishi kitu. Lakini leo wengi wanaomjua yule nyuki wamefikishwa kwake na mamba. Bila Carroll, mawaidha yale yangebaki kwa wataalamu wa historia tu. Tena kichekesho chenyewe kilimtegemea msomaji anayelijua shairi la asili kwa moyo. Watoto walicheka kwa sababu walikuwa wamefundishwa.

Mamba wa pili ni wa Urusi, na kesi yake ilikuwa nzito zaidi. Kornei Chukovsky alitunga hadithi ya kishairi iitwayo Mamba, ikatoka kabla ya utawala wa Kisovieti kushika mizizi. Tarehe 1 Februari 1928 Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin na kiongozi mkubwa wa elimu, aliishambulia katika gazeti la Pravda. Malalamiko yake tungeyatambua mara moja katika semina zetu: mtoto angependa kujua mamba anaishi vipi, badala yake anapewa mambo yasiyowezekana. Maxim Gorky akajitokeza kumtetea Chukovsky. Msije mkadhani haya ni mabishano ya maktaba tu. Katika nchi ile, wakati ule, lawama ya namna hiyo iliweza kumfungia mwandishi milango.

Chukovsky alijibu kwa kuwasikiliza watoto. Katika kitabu chake kuhusu lugha ya watoto wa miaka miwili hadi mitano anasimulia jinsi binti yake, ambaye hajatimiza hata miaka miwili, alivyomjia siku moja kwa uso wa utundu na kumwambia kwamba mbwa analia kama paka. Baba akaingia mchezoni, wakawabadilishia wanyama wengine sauti, mtoto akafurahi mno. Mtoto hakuwa amekosea. Alikuwa na uhakika na sauti ya mbwa kiasi cha kuweza kuichezea.

Kwetu ushahidi umo katika sarufi. Nikisema, "Kijumbwiri kilitapwitika mgwengoni," sijasema kitu. Lakini kila Mswahili tayari anajua kwamba kijumbwiri ni kimoja, huenda ni kidogo, kwamba jambo limekwisha kutokea, na kwamba limetokea mahali fulani. Vikiwa viwili, mtoto wa chekechea atasema vijumbwiri vilitapwitika bila kufundishwa na mtu. Upatanisho umebaki wima ingawa maana imehama. Bila shaka ndiyo sababu Alice ameweza kuhamia Kiswahili zaidi ya mara moja: kama Elisi katika Nchi ya Ajabu mwaka 1940, na kama Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka 2015. Mfasiri wa upuuzi hana maana ya kuhamisha. Inambidi acheze upya kwa lugha yake.

Najua pingamizi litakalokuja. Vitabu vya watoto kwetu ni vichache. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 kwa sababu ya uhaba huo. Karatasi ni ghali. Je, tuitumie kwa vijumbwiri wakati kuna malaria ya kuelezwa? Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba vyote viwili vichapishwe. Mtoto aliyezoea kwamba kitabu ni mahali pa kuonywa tu atakifunga siku atakapoacha kuogopa fimbo.

Lakini hapa sina budi kujikosoa. Kwa kusema upuuzi unathibitisha utaratibu na kumvuta mtoto asome, nimeutafutia kazi. Yaani nimerudisha ujumbe kupitia mlango wa uani! Chukovsky naye alifanya hivyo, lakini yeye alikuwa kizimbani. Mimi sishtakiwi na mtu. Nadhani haiba ya mashairi haya imedumu kwa sababu rahisi zaidi: yanapendeza mdomoni na sikioni, na hayamdai mtoto chochote baadaye. Kama safu zetu mbili za fani na maudhui hazina mahali pa kuliandika hilo, basi kasoro imo katika safu, haimo katika wimbo wa mdogo wangu.

Asiyekubaliana nami akaribie, mjadala uko wazi. Ila kabla hajashika kalamu, apite kwanza uani, anyooshe miguu, ahesabiwe.