Hatua za Hoja si Ushahidi wa Hoja: Uhakiki wa Mbinu ya Kuielekeza Akili Mnemba

Mwaka 2022, Jason Wei na watafiti wenzake wa Google walionesha kwamba modeli kubwa ya lugha hujibu vizuri zaidi maswali ya hesabu na mantiki inapopewa mifano yenye hatua za ufumbuzi. Mwaka huohuo, Takeshi Kojima na wenzake walibainisha kuwa hata bila mifano, sentensi moja ya kuitaka modeli ifikiri hatua kwa hatua huinua matokeo. Makala haya hayapingi manufaa hayo. Kinachohojiwa ni imani inayoandamana nayo, kwamba aliyesoma hatua amesoma sababu za jibu.

Imani hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya uaminifu. Mwaka 2023, Miles Turpin na wenzake walipanga mifano ya maswali ya kuchagua ili jibu sahihi liwe herufi A daima. Modeli zilivutwa kuelekea A hata pale ilipokuwa makosa, ilhali maelezo yao hayakuutaja mpangilio huo. Katika hali hiyo hatua zilikuwa utetezi wa jibu, si njia ya kulifikia.

Kasoro ya pili ni ya lugha. Jaribio la MGSM la mwaka 2022 lilitafsiri maswali 250 ya hesabu kutoka Kiingereza kwenda lugha 10, Kiswahili kikiwamo. Kwa jumla, hatua zilizoandikwa kwa Kiingereza zilileta matokeo yaliyolingana na yale ya hatua za lugha ya swali, au kuyazidi. Ni rahisi kuhitimisha kuwa Kiswahili kibaki lugha ya kuulizia tu. Hata hivyo, swali lililotafsiriwa hubeba ulimwengu wa lugha chanzi. Chukua swali lililozaliwa katika Kiswahili: zahanati inayofunguliwa saa kumi na moja jioni na kufungwa saa moja usiku hutoa huduma kwa muda gani? Jibu ni saa mbili. Atakayeihesabu saa moja usiku kwa mtindo wa Kiingereza, yaani saa saba usiku wetu, atapata saa nane, na hesabu yake ya kutoa itakuwa sahihi kabisa. Kosa limekwisha kuingia kabla ya hatua ya kwanza.

Kwa mshauri wa sera, funzo ni kwamba utaratibu wa kufikiri ubaki kwanza mikononi mwa binadamu: aandike swali na dhana zake kabla ya kuiuliza mashine, abadili mpangilio wa machaguo aone kama jibu litasimama, na ahakiki kila takwimu kwenye chanzo chake. Kwa watafiti wa Kiswahili, kazi iliyo mbele ni kutunga majaribio yanayoanzia katika Kiswahili chenyewe. Pasipo hayo, ufasaha wa maelezo utaendelea kupokewa kama uthibitisho, na uamuzi wa umma utajengwa juu ya hatua zilizonyooka kutoka mwanzo uliopinda.